Wakuu, chuma hiki ni cha kazi gani? Mdomo butu wenye mfereji, kichwa kama uyoga

#1 Mwana_Ngamiani

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa kukitambua chombo kilichotoka kwenye sanduku la vyuma chakavu hapa Ngamiani, Tanga. Picha zimegoma kupanda, kwa hiyo naandika vipimo.

Ni chuma kitupu. Hakina mpini wa mti wala tundu la kutilia mpini. Urefu wote sentimita 17, uzito gramu 310. Shina ni la mviringo, unene milimita 15. Kutoka katikati linaanza kuwa bapa na kutanuka kama kipepeo cha jiko, hadi mdomoni ambako upana ni sentimita 6. Mdomo hauna makali kabisa: unene wake ni milimita 3, na katikati ya unene huo kuna mfereji mmoja unaokwenda kutoka kona hadi kona. Kichwa, yaani upande wa kupigwa, kimetanuka kama uyoga, kipenyo milimita 32.

Muuzaji anasema ni patasi iliyoisha makali. Mimi naona kama haikuwahi kuwa na makali.

#2 Mpiga_Lipu

Mkuu, hiyo ni patasi ya mwashi, ya kukatia tofali. Unachora mstari, unaweka mdomo, unapiga pande zote nne, tofali linaachia. Upana wa sentimita 6 ni wa kawaida kabisa.

#3 Juba_na_Patasi

Mpiga_Lipu, upana unafanana, lakini mdomo unakataa. Patasi ya mwashi ina makali yaliyonolewa pande mbili yakakutana katikati. Yakiisha yanakuwa duara au yanabanjika. Hayageuki kuwa mfereji ulionyooka.

Tupitie ukoo wa patasi haraka. Patasi yenyewe ina makali ya upande mmoja na mpini wa mti. Juba ni nene na nyembamba mdomoni, ya kuchimbia matundu ya ulimi kwenye fremu. Bobari mdomo wake umepinda kama mwezi, unachimba mifereji. Tindo ni ya kukatia chuma, haina mpini wa mti kama hii yako, ila ina makali na hupigwa kwa nyundo ya chuma.

Mwana_Ngamiani, tuangalizie mambo matatu. Kona mbili za mdomo ni kali au zimeviringwa? Mfereji una upana uleule mwanzo hadi mwisho? Na ukingo wa kichwa umejikunja kwa chini na kupasuka vipande, au ni laini? La kichwa ndilo ninalolingoja zaidi.

#4 Mkonge_Daraja1

Nami nitupe langu. Huu si mkoa wa mkonge peke yake. Enzi za Wajerumani ulipandwa mpira pia, ule wa jamii ya muhogo, kuanzia upande wa Muheza hadi Korogwe. Mfereji mdomoni umenikumbusha kisu cha kugemea utomvu. Haiwezi kuwa hicho?

(Kwa upande wa mkonge, sahau. Kisu cha kukatia majani ni chepesi na kikali, na baada ya hapo kazi yote ni ya korona, ile mashine ya kuchakata majani. Hakuna hatua ya kupiga chuma butu.)

#5 Fundi_Boila

Kisu cha kugemea lazima kikate gome bila kugusa mti wenyewe, kwa hiyo ni chembamba, kikali, na kina mpini wa mti. Na ule mpira wa jamii ya muhogo, njia iliyopewa jina la shamba la Lewa ilikuwa kupaka gome dawa ya kugandisha utomvu kisha kudungadunga kwa ncha. Gramu 310 za chuma butu hazina kazi hapo.

Mimi ningewapeleka karakana ya reli. Boila la garimoshi hutengenezwa kwa mabamba yaliyolaliana na kufungwa kwa ribiti. Ukingo wa bamba la juu hupigwa kwa chuma butu hadi ubanane na bamba la chini, mvuke usipenye. Kazi hiyo huitwa kukalafati. Ila niseme kweli, vipimo havinikubalii: chuma cha boila mdomo wake ni mwembamba, milimita 15 hadi 25 tu, shina ni nene lenye pembe sita au nane ili lisizunguke mkononi, na kichwa hakina uyoga wa kiwandani. Shina la mviringo linanitia shaka.

#6 Mwana_Ngamiani

Majibu kwa Juba_na_Patasi:

Kona za mdomo zimeviringwa, zote mbili, na zinalingana. Mfereji una upana uleule mwanzo hadi mwisho. Ukingo wa kichwa ni laini, hakuna palipopasuka wala kujikunja. Uso wa kichwa unang'aa kidogo katikati, hauna makovu ya nyundo.

#7 Mataruma

Basi tusizunguke. Hicho ni chembeu, chuma cha kukalafatia vyombo vya baharini. Fundi_Boila kataja kazi yenyewe, kakosea chombo cha kukalafatiwa tu.

Kwa wasiojua kalafati ni nini: mbao za mashua au jahazi hupigiliwa ubavu kwa ubavu juu ya mataruma, yaani mbavu za chombo. Zinagusana kwa ndani, lakini kwa nje fundi huzichonga ukingo ubaki mwanya mdogo, uliopanuka nje na kufungwa ndani. Mwanya huo hushindiliwa utambi wa pamba uliolowekwa mafuta. Merikebu za Ulaya zilitumia nyuzi zilizochambuliwa kutoka kamba kuukuu na kutiwa lami ya msonobari. Chembeu ndicho kinachoshindilia, kikipigwa kwa nyundo ya mti.

Sasa tazama namna kila kipimo chako kinavyosema jambo lilelile.

Mdomo ni butu kwa sababu kazi yake ni kusukuma nyuzi zibaki nzima. Ukiunoa, utakata utambi vipande vipande ndani ya mwanya, na utambi uliokatika hauzuii maji. Kona zimeviringwa kwa sababu hiyohiyo: kona kali ndiyo huanza kukata.

Mfereji unazuia utambi usiponyoke pembeni ya chuma. Kingo zake mbili zinabana pamba kwenye mbao ya juu na ya chini kwa wakati mmoja, na katikati linabaki tuta dogo ambalo chokaa ya kuzibia juu ya pamba itakuja kulishika. Vipo vyembeu visivyo na mfereji. Hivyo hutangulia, vyenye mfereji hufuata kukaza.

Kichwa cha uyoga ndicho ushahidi mkubwa. Chuma kilichopigwa kwa nyundo ya chuma miaka mingi huota masharubu: ukingo unajikunja, unapasuka, vipande vinaruka. Chako hakina hata kimoja, kwa sababu kilipigwa kwa mti. Na kutanuka kwake ni kwa makusudi, kichwa chembamba kingechimba shimo kwenye uso wa nyundo ya mti ndani ya siku chache.

Shina la mviringo nalo si bahati. Mshikaji anakizungusha na kukitikisa vidoleni baada ya kila mapigo mawili matatu kisibanwe na mbao. Lingekuwa na pembe, lingemtoa malengelenge kabla ya adhuhuri.

#8 Bi_Chumbageni

Mataruma, ahsante kwa kutupa jina. Chembeu wengi tumelisahau, siku hizi utasikia tu "kile chuma cha kugongea pamba."

Mwana_Ngamiani, kabla hujakisugua, kwaruza kidogo uchafu uliokaa pale shina linapoanza kuwa bapa. Hapo mkono haufiki na nyundo haifiki, kwa hiyo masalia ya kazi hubaki. Tumia kijiti cha mti, usitumie kisu.

Uchafu mweusi uguse kwa ncha ya msumari uliopashwa moto. Ukilainika na kunuka lami, ni lami, kutu hailainiki. Uchafu mweupe au kijivu utonee ndimu. Ukitoa mapovu, kuna chokaa. Chokaa peke yake haitoshi, maana hata mwashi anayo. Lakini chokaa iliyoshikana na mafuta, inayoteleza ukiisugua kwa vidole, hiyo ni ya chombo cha majini. Ukikuta wekundu wa rangi ya zamani, usiupige msasa mkavu. Rangi nyekundu ya vyombo ilitengenezwa kwa risasi, na vumbi lake ni sumu.

Ukimaliza kupima, kilaze kwenye mafuta ya taa usiku kucha, usugue kwa brashi ya waya wa shaba, ukaushe juani, upake mafuta. Tafadhali usikipeleke kwenye grenda. Grenda itakula mfereji na kama kuna mhuri wa kiwanda utaondoka nao.

Kutu ikiwa nene, kuna njia ya umeme: ndoo ya plastiki, lita 4 za maji, kijiko kimoja cha chakula cha magadi (ya kupikia, siyo yale ya kuegemezea jahazi), na chaja ya betri ya gari ya volti 12. Waya wa hasi kwenye chembeu, wa chanya kwenye kipande cha chuma chakavu, na viwili hivyo visigusane. Chuma hicho chakavu kisiwe stenlesi, maji yatatoka na sumu ya kromiamu. Fanyia nje, moto usiwe karibu, maana gesi inayotoka inawaka. Zima chaja kwanza ndipo uingize mkono.

#9 Mwana_Ngamiani

Bi_Chumbageni, shikamoo na ahsante. Matokeo: weusi umelainika kwa msumari wa moto na unanuka lami. Weupe umetoa mapovu kwa ndimu, na unateleza kweli.

Mafuta ya taa yametoa kutu na mhuri umejitokeza upande mmoja wa shina: "CAST STEEL" na chini yake "SHEFFIELD". Jina la mwenye kiwanda limelika, halisomeki. Je, maana yake ni chuma cha kusubu? Naogopa kukipiga kisipasuke.

#10 Juba_na_Patasi

Usiogope. Chuma cha kusubu, kama cha kifuniko cha shimo la maji machafu, ni kitu kingine na kweli hupasuka. Maneno hayo kwenye vyombo vya mkono yalimaanisha chuma cha pua kilichoyeyushwa ndani ya kalibu ndogo ya udongo, kikamiminwa, kisha kikafuliwa. Benjamin Huntsman ndiye aliyeianzisha njia hiyo Sheffield, Uingereza, miaka ya 1740. Kwa hiyo mhuri huo ulikuwa sifa ya kuuzia. Chembeu za Marekani nazo zipo, zile za C. Drew wa Kingston, Massachusetts, ndizo zinazosifika zaidi, na mhuri wake hukaa wazi.

#11 Bagamoyo_Dunda

Nawafuatilia kutoka Bagamoyo. Sibishi jina, ila nina swali. Mafundi wa ufukweni wanaotengeneza mashua wanatumia kipande cha chuma bapa kilichofuliwa na mhunzi, hakina uyoga wala mfereji, na wanakipiga kwa nyundo yoyote iliyo karibu. Pwani imejenga majahazi karne ngapi bila Sheffield. Kwa nini tuseme hiki ni cha kazi ileile?

#12 Mataruma

Swali zuri, na jibu limo kwenye uchafu wenyewe. Chombo chetu cha baharini hapa pwani kinatiwa pamba, mafuta na chokaa. Lami moto ndani ya mwanya ni mtindo wa vyombo vya kizungu, hasa sakafu ya sitaha. Chembeu hiki kina vyote viwili, kwa hiyo kimefanya kazi za namna mbili. Bandari ya Tanga kwa miaka mingi ilikuwa ya matishari: meli inatia nanga nje, mzigo unashushwa kwenye tishari, tishari linakuja gatini. Vyombo vya namna hiyo vinahitaji mkalafati muda wote. Watu wa Tanga wanasema waja leo waondoka leo. Hiki kilikuja, kikabaki.

Kuhusu chuma bapa cha mhunzi: kinafanya kazi ileile na kinatosha kwa mbao ya inchi moja. Tofauti inaonekana kwenye mbao nene. Mbao ya inchi mbili inataka tabaka tatu au nne za utambi, na tabaka la mwisho bila mfereji linakwepa pembeni. Kwa meli kubwa kuna hata chembeu chenye mkono mrefu wa chuma: mmoja anakishika kwa mikono miwili, mwenzake anapiga kwa nyundo kubwa ya mti.

Nyundo ya chuma inakubalika kwa dharura, lakini inamnyima fundi sikio. Ya mti hutoboliwa nafasi mbili nyembamba kichwani, zinapita kutoka upande mmoja hadi wa pili. Hizo zinapunguza mtetemo mkononi na zinaipa nyundo sauti. Utambi ukiwa bado laini, pigo linasikika zito, kama kupiga gunia. Ukikaza, sauti inapanda, inalia. Hapo unahama. Anayeendelea kupiga baada ya sauti kupanda anaharibu.

#13 Mpiga_Lipu

Nimekubali, patasi yangu ya tofali naiondoa. Lakini mafundi bomba wa zamani nao walikuwa na vyuma vya kukalafatia mabomba ya choo ya chuma cha kusubu. Hivyo mnavitofautishaje?

#14 Fundi_Boila

Kwa mgongo wake. Chuma cha bomba kimepinda kama ngazi, kwa sababu bomba lenyewe linazuia mkono. Lazima mdomo usogee pembeni ya shina ndipo uingie kwenye kikombe cha maungio. Tena mdomo wake ni wa sentimita 2 hivi, na mara nyingi una upinde wa kufuata duara la bomba. Mwanzo walishindilia kamba ya lami, juu wakamimina risasi, wakaigonga. Cha Mwana_Ngamiani kimenyooka, na mdomo wa sentimita 6 usingeingia kwenye duara hilo.

#15 Mkonge_Daraja1

Kumbe. Sasa nauliza la nyumbani: Tanga imejaa mkonge, kwa nini pamba ndiyo inatiwa na siyo singa za mkonge? Na kazi yenyewe inakwendaje hatua kwa hatua? Kuna mashua ya mbao ya inchi moja inavuja Sahare, mwenyewe anataka kuipaka lami ya barabara nje yote.

#16 Mataruma

Singa za mkonge ni ngumu na zina tabia ya kurudi zilikotoka. Ukizibana zinajikunjua, hazishikani zikawa kitu kimoja. Pamba inashikana, inanyonya, inavimba. Makumbi ya nazi yana sifa yake nyingine, hayaozi upesi majini, ndiyo maana mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi. Lakini kushona ni jambo moja na kushindilia ni lingine. Nyuzi za nailoni za nyavu nazo usizijaribu: hazinyonyi, hazivimbi, zinajisukuma nje.

Mwambie huyo asipake lami. Lami ya nje inafunika mwanya bila kuujaza, mbao ikivimba inapasuka, na fundi atakayekuja baadaye atateseka kuikwangua.

Kazi inakwenda hivi. Vuta chombo wakati wa bamvua, mwezi mchanga au mpevu, maji yanapopanda mbali zaidi. Kiegemeze kwa magadi pande zote mbili kisilale. Kiache kikauke siku mbili tatu, chini ya kivuli kama inawezekana. Jua kali la wiki nzima linafungua mianya yote, mtu anatia pamba maradufu, kisha mbao ikirudi majini na kuvimba haina pa kwenda. Inasukuma mataruma, misumari inang'oka. Chombo kinavuja kuliko mwanzo na fundi analaumu mbao.

Toa kalafati kuukuu kwa ndoano: mkia wa tupa la zamani uliopashwa moto na kukunjwa pembe mraba unafaa sana. Vuta, usichimbe. Ukitumia msumeno au patasi unatanua mwanya, na mwanya uliotanuliwa haurudi.

Kagua. Kwa mbao ya inchi moja mwanya wa nje uwe milimita 2 hivi, wa ndani uwe umefungwa. Mahali unapoona mwanga wa ndani, pamba itapita moja kwa moja hadi kwenye ngama, kule chini kabisa ndani ya chombo. Hapo dawa ni kuchonga ubao mwembamba wa mti uleule na kuupachika, au kubadili mbao. Watu wengi wanaongeza pamba, ndipo wanapopotea.

Sokota utambi kwa pamba safi, unene wa kalamu ya risasi, usokote kwa ulegevu. Loweka kwenye mafuta ya nazi au ya sifa (ya papa), kamua mpaka usidondoke.

Utambi usiutandaze umenyooka kama kamba ya kuanikia. Unaushika kwa kidole, unaingiza kikunjo kidogo cha sentimita moja kwa ncha ya chembeu, unaacha nafasi ndogo, unaingiza kingine. Mwanya ukipanuka, vikunjo visogezane, ukibana, viachane. Hivyo ndivyo kiasi cha pamba kinavyofuata upana wa mwanya. Ukishajaza hatua mbili tatu, rudi mwanzo ukaze: chembeu kisimame wima kwenye mwanya, mapigo mepesi, kila mara usogee nusu ya upana wa mdomo ili pigo jipya lilalie la zamani. Chembeu kikibanwa, kigonge ubavuni kwa kufuata urefu wa mwanya. Ukikibinua juu na chini unaponda ukingo wa mbao.

Anza na maungio ya ncha za mbao, acha mkia wa utambi, kisha mwanya mrefu upite juu yake na kuufunga.

Bakiza milimita 5 juu ya pamba. Paka mafuta au rangi kwenye kuta za mwanya kwanza, maana mbao kavu itanyonya mafuta ya chokaa na chokaa itabomoka. Ndipo ujaze chokaa iliyokandwa kwa mafuta.

Na ukimaliza mwanya mmoja, rudi ukatazame wa jirani. Kukaza huu kunasukuma mbao, na ule uliokazwa jana unaweza kuwa umebanwa zaidi au umelegea.

Inchi moja ni mbao nyembamba, Mkonge_Daraja1. Tabaka moja, mbili kwa shida. Ya tatu ni kuivunja mashua.

#17 Bagamoyo_Dunda

Niongezee palipobaki. Kuna uvujaji ambao hautoki kwenye mwanya kabisa, unatoka kwenye misumari. Msumari wa mashua huzungushiwa pamba yenye mafuta chini ya kichwa kabla haujapigwa, nayo ikioza maji yanafuata msumari hadi ndani. Dalili yake ni kutu inayotiririka chini ya kichwa. Hapo kukalafati hakusaidii. Ng'oa, ziba tundu kwa kigingi cha mti, toboa pengine kwa keekee.

Deheni, ile ya kupaka chini ya chombo, nayo ina hatari zake. Ni chokaa na shahamu. Yeyusha shahamu, itoe motoni, ndipo umwagie chokaa kidogo kidogo huku ukikoroga hadi iwe kama ugali laini. Chokaa iwe imezimwa, imekauka, imechekechwa. Chokaa mbichi au yenye maji ikikutana na mafuta moto inaruka usoni. Ipakwe kwa mkono ingali vuguvugu, ikipoa haishiki. Inalinda dhidi ya wadudu watoboa mbao ila inachubuka na mchanga, kwa hiyo ni kazi ya kurudiarudia.

Mwenye ngalawa asihangaike na chembeu. Ngalawa ni gogo lililochongwa. Kazi yake ni nyufa tu.

Na mashua ikirudi majini itavuja siku ya kwanza, pengine hata ya pili. Ichotwe maji, iachwe ivimbe. Mtu akiona maji akapandisha na kupiga pamba nyingine, ndiye yule Mataruma aliyemsema.

#18 Mwana_Ngamiani

Wakuu, nimejifunza. Mwenye mashua ya Sahare anataka kukiazima hiki ili kazi ianze bamvua lijalo. Mdomo wake milimita 3 na mwanya milimita 2. Kitaingia kwa nguvu?

#19 Mataruma

Hakitaingia, na asikilazimishe. Chembeu kinatakiwa kipite kati ya mbao bila kugusa kuta. Kikigusa kinakuwa kabari, kinapasua ukingo. Hiki ni cha mbao ya inchi moja na nusu kwenda juu, au sitaha. Kitunze.

#20 Juba_na_Patasi

Afue chembamba kwa mhunzi, si gharama. Kipande cha springi ya gari cha sentimita 18. Kipashwe hadi kiwe chekundu kama chungwa, kifuliwe mdomo hadi milimita moja na nusu, upana sentimita 5, kwa mteremko wa taratibu. Kikisha kufuliwa kizikwe kwenye majivu kipoe polepole. Kisichovywe kwenye maji, kitakuwa kigumu na kitapasuka. Mdomo upigwe tupa uwe bapa, kona ziviringwe, kisha msasa hadi ukipitisha uzi wa pamba juu yake usinase popote. Mfereji kwa unene huo hauhitajiki.

Nyundo achonge ya mkwaju: kichwa sentimita 30, unene sentimita 6, pete za chuma kila ncha zisiiache ipasuke, mpini sentimita 40.

#21 Mwana_Ngamiani

Springi ipo. Mkwaju ndio natafuta mkavu. Aliye na kipande upande wa Chumbageni au Ngamiani aniambie.